Rivyuu: Ushauri wa vinasaba na kipimo cha jeni ya CSF1R kwa familia yenye ALSP

Jamani naandika hii ndefu kidogo, mnivumilie. ALSP ni ugonjwa adimu wa kurithi unaokula sehemu nyeupe ya ubongo, na CSF1R ndo jeni inayouleta. Wakati sisi tunahangaika sikukuta mtu hata mmoja aliyeandika kwa Kiswahili kwamba nilienda kwenye huduma ya ushauri wa vinasaba nikakuta hiki na hiki, ikabidi niwe nakesha nasoma mambo ya kidaktari ambayo nusu siyaelewi na nusu yananitisha. Kliniki siitaji jina, wala maabara, wala mtu. Ninachokipima hapa ni huduma yenyewe, ile ya kukaa na mshauri, kupimwa jeni, kupewa majibu na kufuatiliwa baada ya majibu, mimi na ndugu zangu tumeitumia mwaka mmoja na nusu sasa.

Mwenye haraka asome hapa tu: kama kwenye ukoo wenu kuna mtu mzima wa miaka 30 mpaka 50 hivi ameanza kubadilika tabia, anapoteza mpangilio, mwendo unaharibika, na MRI (picha ya ubongo) imeonyesha sehemu nyeupe ya ubongo imeliwa pande zote mbili, afu ukiangalia nyuma kuna mzazi au mjomba alipita njia hiyohiyo, basi anzeni kwa mshauri wa vinasaba kabla hamjakimbilia kipimo chochote. Sisi tulianza na kipimo, tukapotea miezi saba. Huduma naipa nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja nimeitoa kwa sababu ya barua, nitafika huko.

Dada yangu alianza akiwa na miaka 41, na hakuanza kwa kusahau, ndo maana hakuna aliyeshtuka mapema. Alianza kwa kutojali. Yule ndiye alikuwa anakumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtoto wa ukoo, anakupigia simu asubuhi kabla hujaamka, ghafla akaacha, ukimpigia anajibu ndiyo, hapana, sawa. Shemeji akadhani ndoa imeingia doa, sisi tukadhani shemeji ndo tatizo, na kwakweli tulimkosea sana yule baba wa watu, nimeshamwomba radhi. Kazini akapewa onyo la maandishi mara mbili, mtu ambaye miaka kumi na tano hajawahi kuchelewesha ripoti hata siku moja.

Siku iliyonitoa usingizini ni moja. Nimefika kwake nikamkuta amesimama mlangoni kwa nje ameshika ufunguo, anausogeza kwenye kitasa ukiwa umelala ubavu, hauingii, anauangalia, anaugeuza kidogo, anaurudisha vilevile ulivyokuwa, na mkono wa kushoto umekunjamana tu kifuani kama wa mtu mwingine. Nikakaa nyuma yake kama dakika mbili namuangalia bila kusema kitu. Hakuwa na hofu usoni wala hasira. Angekuwa amekasirika ningepata nafuu.

Hospitali ya kwanza wakasema ni sonona, akapewa dawa. Ya pili wakapiga MRI, wakaona mabaka meupe, wakasema maltipo sklerosisi (kinga ya mwili inashambulia ganda la neva), akatundikiwa steroidi kwenye mshipa, tukasubiri nafuu ambayo haikuja. Miaka miwili ikaenda hivyo. Sasa hivi nimejua kwamba hiyo njia ndo wengi wanayopita, ALSP inachanganywa sana na maltipo sklerosisi, na Parkinson, na zile dimenshia (magonjwa ya akili kupungua) zinazoanzia mbele ya ubongo, na Alzheimer ya mapema, kwa hiyo siwalaumu sana madaktari wale, ugonjwa ni adimu na unajua kujificha. Ila kitu kimoja kinaniuma mpaka leo, hakuna hata mmoja aliyeuliza mama yetu alifariki na nini. Mama alifariki ana miaka 50, miaka ya mwisho alikuwa haongei, na kwenye familia tulikuwa tumeshakubaliana kwamba ni mawazo.

Sasa kile kipimo kilichotupotezea miezi. Daktari mmoja, kwa nia njema kabisa, akaagiza kipimo cha jeni za dimenshia, likarudi jibu kwamba hakuna kilichoonekana. Tulifurahi! Shemeji alilia kwa furaha kwenye simu. Tukaambiana basi sio ya kurithi, watoto wako salama. Kumbe vipimo hivi vinakuwa na orodha ya jeni, maabara inaangalia zile zilizopo kwenye orodha peke yake, na kwenye ile orodha yetu CSF1R haikuwepo. Yaani ni kama umemtafuta mtu kwenye vyumba vitano wakati yeye yuko cha sita, afu ukatangaza hayupo nyumbani. Kama kuna mtu amewahi kupata jibu la hivyo, chukua ripoti uangalie ukurasa wa nyuma kabisa ambako wameandika jeni zilizosomwa, moja moja. Kama ile unayoihofia haipo pale, hujapimwa.

Huduma yenyewe tuliipata kwa daktari wa neva wa tatu. Huyu aliiweka MRI ya dada kwenye skrini akanionyesha kwa kalamu, akasema ona hapa, hii ni kopasi kalosamu, daraja linalounganisha upande wa kulia na wa kushoto wa ubongo, kwa umri wake limekonda mno. Afu akanionyesha vidoti viling'avu kwenye sehemu nyeupe, akasema kwenye kiharusi vidoti vya namna hii vinafifia baada ya wiki chache lakini vya dada yako vipo kwenye picha ya mwaka jana na vipo kwenye hii. Akaagiza CT (picha ya eksirei ya ubongo) ya vipande vyembamba, milimita moja, sababu kwenye ugonjwa huu kunakuwa na chembe ndogo sana za chokaa karibu na mbele ya ubongo ambazo MRI inaweza isizione, na CT ya vipande vinene inazipita. Zikaonekana, zimejipanga kama mawe ya kuvukia mto.

Na nampongeza kwa hili, kabla ya jeni alichukua damu kwanza kuondoa magonjwa mengine ya sehemu nyeupe ambayo yanafanana na haya. Akapima asidi za mafuta zenye mnyororo mrefu sana, maana kuna adrenolukodistrofi, ugonjwa mwingine wa sehemu nyeupe, ambayo inapitia kromosomu X na kwa watu wazima inaweza kuanza na miguu kukaza. Akapima kimeng'enya cha arilisalfatesi A, kwa ajili ya mwingine wa aina hiyo, lukodistrofi ya metakromatiki. Akapima kolestanoli, kwa sababu upo ugonjwa mmoja wa kurithi wa mafuta ya ubongo ambao ukigundulika mapema una dawa ya kumeza, na akasema kumkosa mgonjwa wa namna hiyo ni dhambi. Na akatuuliza kama kuna historia ya kipandauso na viharusi vya mapema, kwa ajili ya CADASIL, ugonjwa wa kurithi wa mishipa midogo ya damu ya ubongo. Yote hayakuwa. Hapo ndo akatuandikia kwenda kwa mshauri wa vinasaba.

Kikao cha kwanza kilichukua karibu saa mbili. Nilitegemea sindano, badala yake mshauri akatoa karatasi kubwa nyeupe na penseli. Akachora ukoo wetu: mraba kwa mwanaume, duara kwa mwanamke, aliyefariki anapigwa mstari wa mshazari, mgonjwa anatiwa rangi. Dada akatiwa rangi. Mama akatiwa rangi. Akauliza, mama yenu alikuwa na ndugu wangapi, nikasema wanne, akauliza mmoja mmoja alifariki na umri gani, alikuwa anatembeaje, alikuwa mtu wa aina gani mwanzoni na akawa wa aina gani mwishoni. Nikafika kwa mjomba mmoja ambaye sisi tulikuwa tunasema alikuwa na Parkinson, alikuwa anaburuta mguu na dawa hazikumsaidia kitu, alifariki na miaka 52. Mshauri akasimamisha penseli, akatia rangi nusu ya ule mraba taratibu, akaandika alama ya kuuliza pembeni. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa amekaa kulia kwangu, nikasikia anavuta pumzi. Miaka yote hiyo hatujawahi kuwaweka mama na mjomba kwenye karatasi moja.

Maelezo yake kuhusu ugonjwa ndo yaliyonifanya niseme huyu mtu anaijua kazi yake, nayaweka hapa kama nilivyoyaelewa. ALSP kirefu chake ni lukoensefalopathi ya watu wazima yenye vivimbe vya aksoni na glia zenye rangi. Aksoni ni zile nyaya za neva, zinavimba mafundomafundo, ganda lake jeupe linapotea, na seli za usafi zinabaki na rangi ya kahawia kwenye hadubini, ndo jina limetoka hapo. Zamani ilikuwa magonjwa mawili kwenye vitabu, mmoja ulielezwa mwaka 1936 na mwingine mwaka 1984 kwenye ukoo mmoja wa Uswidi, baadaye ikaonekana ni kitu kilekile. Jeni ilikuja kujulikana mwishoni mwa 2011, timu ya Mayo Clinic ya Florida ndo walioitangaza, ipo kwenye kromosomu namba 5. Kabla ya hapo uhakika ulikuwa unapatikana kwa kukata kinyama cha ubongo, au mtu akishafariki. Kwa hiyo mama yetu hata angefikishwa kwa daktari bora kuliko wote kipindi kile, asingeambiwa. Hilo lilinipunguzia mzigo fulani ambao sikujua nimeubeba.

Kazi ya CSF1R alinieleza hivi, kwenye ubongo kuna seli zinaitwa mikrogilia, walinzi na wafagizi wa mle ndani, na hizo seli ili ziishi zinahitaji kupokea ishara kupitia kipokezi kimoja, jeni hii ndo inayotengeneza kile kipokezi. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba moja ya mama. Kwenye ALSP nakala moja ina hitilafu, na hiyo moja inatosha kuleta ugonjwa. Mikrogilia zinapungua na zilizobaki hazifanyi kazi sawasawa, na sehemu nyeupe inaanza kufa. Na kwa kuwa ni nakala moja kati ya mbili, mzazi mwenye hitilafu kila mtoto wake anakuwa na nafasi ya nusu kwa nusu, kila mtoto kivyake. Alilirudia hilo la kila mtoto kivyake mara tatu, maana mdogo wangu alishauliza, kwa hiyo dada akiwa nayo, sisi wawili mmoja wetu lazima awe salama? Akamwambia hapana kaka, haihesabiki hivyo, mnaweza kuwa nayo wote na mnaweza msiwe nayo wote.

Umri wa kuanza kwa wastani ni miaka 40 na kitu, wanawake wanatangulia kidogo kuliko wanaume. Wengi wenye hitilafu dalili zinakuwa zimejitokeza wakifika 60. Na baada ya dalili, wastani wa kuishi ni kama miaka 6 au 7 ingawa wapo waliokwenda zaidi ya 20. Hizo namba alizisema baada ya kutuuliza kama tunataka kuzisikia. Mdogo wangu alisema hataki, akatoka nje kwenye korido, mshauri akasubiri mlango ufungwe kabisa ndo akaendelea. Kitu kidogo lakini sijakisahau.

Kupima kwenyewe hakuna la kusimulia, dada alitolewa damu. Walisoma sehemu ya jeni inapokaa hitilafu nyingi za ALSP na wakaangalia pia AARS2, nayo inaleta ugonjwa unaofanana sana, ila ile ya AARS2 inahitaji nakala zote mbili ziwe na hitilafu, na kwa wanawake mara nyingi mayai yanakoma mapema. Jibu wiki saba. CSF1R, nakala moja, badiliko linalosababisha ugonjwa.

Tulivyopewa jibu, mshauri alimwambia dada, sio sisi. Dada alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, anaongea neno moja moja, na kliniki zote tulizopita kabla walikuwa wanaongea na shemeji juu ya kichwa chake. Huyu alivuta kiti akakaa macho yao yakawa sawa, akamwambia taratibu, tumepata jina la ugonjwa wako. Dada akasema, mama. Mshauri akaitikia kwa kichwa, ndiyo, kama wa mama. Shemeji ndo alitoka nje safari hii.

Sasa upande wa sisi ambao hatuumwi, hapa ndo naona huduma hii inastahili sifa zake zote. Mtu mzima asiye na dalili hapimwi siku hiyohiyo. Utaratibu wanaofuata umetokana na ule wa ugonjwa wa Huntington, nao ni wa ubongo na wa kurithi, jeni yake ilipatikana 1993 na miongozo ya kupima watu wasioumwa ikatolewa 1994, na mpaka leo ndo mfano kwa magonjwa mengine yanayokuja ukubwani. Unapewa kikao, unarudi nyumbani, unapewa kingine, unaonana na mwanasaikolojia, unaambiwa uje na mtu mmoja unayemwamini ambaye mwenyewe hayuko kwenye hatari ileile. Na muda wote unaweza kusema naacha, hata damu ikishachukuliwa, hata jibu likishafika kwenye faili.

Mwanzoni nilikereka, niseme ukweli, nikaona wananizungusha, mimi nataka kujua, nipimeni. Kumbe yale maswali yalikuwa yananifikirisha vitu ambavyo nisingevifikiria. Kwanini sasa hivi na sio mwaka jana. Nani utamwambia wa kwanza. Ukiwa nayo, kesho yake asubuhi utafanya nini. Umeshauliza mambo ya bima ya maisha, maana sheria zinatofautiana nchi na nchi, hata Marekani wenye sheria yao ya 2008 ya kuzuia ubaguzi wa kijenetiki, inalinda bima ya afya na kazi lakini bima ya maisha haimo. Afu akauliza, na usipokuwa nayo, utajisikiaje? Nikaona swali la ajabu. Nikajibu nitafurahi, nitajisikiaje tena.

Mdogo wangu aliacha kwenye kikao cha pili. Akasema kaka, mi sitaki kujua, nikijua nitaanza kuhesabu kila siku nikisahau simu mezani. Niligombana naye kwenye gari njia nzima, nikamwita muoga, naandika hapa kwa sababu nadhani wapo wengi watafanya kosa kama langu. Mshauri nilivyomsimulia hakunilaumu, akaniambia tu kwamba kati ya watu walio kwenye hatari ya magonjwa ya namna hii yasiyo na tiba ya uhakika, wengi wanachagua kutojua, na haki ya kutojua ni haki sawasawa na ile ya kujua, na kwamba jibu langu mimi lisitumike kama fimbo kwake. Nilimpigia dogo jioni ile nikamwomba msamaha.

Siku ya majibu yangu nilikwenda na rafiki. Mshauri hakutuzungusha, hata hatujakaa sawa akasema, hauna badiliko la familia yenu. Rafiki akanikumbatia. Mimi nikawa nimeshika simu mkononi nataka kumpigia mdogo wangu, nikaitazama namba yake, na vidole vikagoma. Nimpigie nimwambie nini, mimi nimepona wewe baki hapo? Na dada yuko nyumbani anakula kwa kulishwa. Nilikaa pale kwenye kiti nalia kilio ambacho sikukielewa, na mshauri akaniambia kwa upole, unakumbuka nilikuuliza. Walinipa miadi mingine mitatu baada ya pale, na mimi nilidhani ukiwa huna wanakufungia faili.

Sasa ile nyota moja. Baada ya jibu la dada, kliniki walituma barua nyumbani kwake, kwenye bahasha imepigwa muhuri wa kitengo cha magonjwa ya kurithi ya ubongo, kubwa, inasomeka bila kufungua. Aliyeipokea ni mwanae, wa miaka 15. Akaifungua. Ndani kulikuwa na maelezo kwamba watoto wa mgonjwa wana uwezekano wa asilimia 50. Alikaa nayo siku nne kwenye begi la shule bila kumwambia mtu, tuligundua mwalimu alivyopiga simu kwamba mtoto anasinzia darasani na hajibu akiulizwa. Miezi yote tuliyokaa tunapanga tutamwambia lini, kwa maneno gani, na nani awepo, ikaisha ndani ya bahasha moja. Nilikwenda pale nimewaka. Waliomba radhi bila kujitetea, mkuu wa kitengo mwenyewe alikaa na shemeji, na sasa hivi barua zao zinakwenda kwenye bahasha tupu na wanapiga simu kwanza kuuliza zifike wapi. Wamerekebisha, nashukuru, ila mtoto ameshasoma. Kwa hiyo wewe unayeanza, kikao cha kwanza kabisa waambie waandike kwenye faili mawasiliano yaende kwa nani na kwa njia gani.

Kijana akadai naye apimwe. Wakamkatalia, chini ya miaka 18 hawampimi mtu asiye na dalili kwa ugonjwa unaokuja ukubwani na usio na cha kumfanyia akiwa mtoto, uamuzi ni wake akikua. Lakini hawakumkatalia mlangoni wakamuacha, mshauri alimpa kikao chake peke yake, bila baba yake, bila mimi. Akamchorea ule ukoo upya kwa penseli na akamwachia ile karatasi. Ameibandika kwenye ukuta juu ya kitanda chake, mwanzoni iliniuma kuiona, siku hizi nimeizoea.

Kuhusu matibabu walikuwa wakweli, na ukweli wenyewe unabadilika kila mwaka kwa hiyo ulizeni upya. Kinachozungumzwa zaidi ni upandikizaji wa seli za uboho kutoka kwa mtu mwingine, maana zile seli mpya zinaweza kwenda kwenye ubongo zikachukua nafasi ya mikrogilia mbovu. Mwaka 2016 ilichapishwa habari ya mgonjwa mmoja aliyepandikizwa na hali yake ikatulia kwa miaka 15, na 2025 watafiti wa China wakachapisha ya wagonjwa 8 ambao ugonjwa ulisimama kwa miaka miwili waliyofuatiliwa. Ila upandikizaji ni mzito, unaweza kumuua mtu wenyewe, na unazungumzika kwa mtu aliye mwanzoni, na mtoaji akiwa ndugu lazima naye awe amepimwa hana hitilafu. Niliuliza, basi nimpe dada uboho wangu, mimi sina. Daktari akanitazama akasema ungekuja miaka mitatu iliyopita tungekaa tukalizungumza. Kilichokufa kwenye sehemu nyeupe hakirudi.

Kulikuwa pia na dawa ya majaribio, kingamwili iliyoitwa iluzanebart, ya kuchangamsha mikrogilia kupitia njia nyingine. Tuliifuatilia kama watu wanaosubiri mvua. Mwaka 2025 matokeo yakatoka haikusaidia, kampuni ikasimamisha. Mshauri alitupigia yeye mwenyewe kutuambia kabla hatujaikuta mtandaoni, na hiyo simu kwangu ina thamani kuliko ripoti zote tulizopewa.

Kwa dada kilichobaki ni kumtunza, na hapo huduma iko wastani. Mtaalamu wa kumeza alitusaidia sana, alitufundisha kumkalisha wima kabisa na kuinamisha kidevu akimeza, kukohoa kukapungua. Dawa ya degedege ilifanya kazi. Dawa za Parkinson walimjaribishia hazikufanya kitu, walishatuonya. Fiziotherapia tulipewa vikao vichache mno tukaachiwa tuendelee wenyewe, na hakuna aliyemuuliza shemeji yeye analala saa ngapi. Ningependa waongeze mtu wa kuangalia wanaotunza, shemeji amekonda kuliko mgonjwa.

Vitu vya kubeba ukienda: majina ya ndugu wa pande zote na umri waliofariki, hata kama sababu ni ya kubahatisha, picha zote za MRI kwenye diski na sio ripoti peke yake, na video fupi za mgonjwa za mwaka huu na za nyuma, sisi video ya harusi ya binamu ilimsaidia daktari kuona mkono wa kushoto wa dada ulishaanza kulegea miaka miwili kabla ya tulivyodhani. Apimwe kwanza anayeumwa, maana badiliko la familia likishajulikana kipimo cha wengine kinakuwa cha swali moja tu, ipo au haipo. Ukipima mzima kwanza unaweza kurudishiwa jibu la badiliko lisiloeleweka maana yake, na hilo watu wanakaa nalo miaka. Na wanaopanga kuzaa waulize mapema, kuna njia ya kupima viini-tete kabla ya kuwekwa tumboni, mpaka bila wewe mwenyewe kuambiwa jibu lako.

Mdogo wangu juzi amenipigia akaniuliza yule mshauri bado yupo pale. Nikamwambia yupo. Akanyamaza kidogo, akasema sawa, nilikuwa nauliza tu, tukahamia kwenye mambo ya mpira. Faili lake halijafungwa, nilishamuuliza mshauri, aliniambia litakaa wazi hata miaka ishirini.